Ukitaka Kusoma Mashairi ya Kale ya Kiwelisi, Anza na Heledd

Usianze na Dafydd ap Gwilym. Najua ndilo jina utakalokutana nalo kwanza ukiulizia mashairi ya Welisi ya zama za kati, na sifa anazopewa mshairi huyo wa karne ya 14 anazistahili zote. Lakini nimeshaona watu wenye bidii wakimfungua Dafydd, wakahangaika na mistari miwili jioni nzima, kisha wakafunga kitabu wasikifungue tena. Anza na Heledd.

Katika mashairi yanayobeba jina lake, Heledd ni dada aliyebaki peke yake baada ya ndugu zake kuuawa. Kaka yake Cynddylan alikuwa mtawala wa Powys, ufalme mmoja wa Welisi, katika karne ya 7. Mashairi yenyewe yalitungwa baadaye sana, na nakala tunayoitegemea imo katika Llyfr Coch Hergest, hati kubwa ya ngozi iliyoandikwa miaka ya kuzunguka 1400 na ambayo ni mali ya chuo cha Jesus, Oxford. Beti ni fupi, za mistari mitatu, na Wawelisi huziita englynion. Msamiati ni wa moto, kitanda, mshumaa, damu, tai, nyumba. Soma ubeti huu kwa sauti, hata kama hujui neno moja:

Stafell Gynddylan ys tywyll heno,
heb dân, heb wely;
wylaf wers, tawaf wedy.

Mswahili ana bahati kwenye matamshi kuliko anavyodhani. Herufi dd ni dh yetu ya dhahabu, th ni ya thelathini, ch ni kh ya Sheikh, na f moja hutamkwa v. Mkazo nao mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Kitakachokusumbua ni ll tu: weka ulimi kama unataka kusema l, kisha pumua kwa nguvu pembeni mwake.

Sasa fungua kamusi utafute wely. Hutalipata. Herufi za mwanzo za Kiwelisi hubadilika kufuatana na neno lililotangulia, na neno heb, yaani bila, hulainisha linalofuata: tân likawa dân, cannwyll likawa gannwyll, na gwely likapoteza g yake yote. Kwa hiyo kila neno linaloanza na w, jiulize kama kuna g iliyotoroka. Ila usiwe na pupa, maana wylaf haina g yoyote. Imetoka katika kitenzi wylo, kulia, na w ni yake tangu mwanzo. Sisi tunaosema ulimi na ndimi, mti mrefu na kamba ndefu, hatuna haki ya kulalamika. Mgeni wa Kiswahili naye huitafuta ndefu kwenye kamusi akakuta haipo, mpaka aambiwe atafute -refu.

Kamusi ya kutumia ni Geiriadur Prifysgol Cymru, ipo mtandaoni bure, na huonyesha neno lilivyotumika karne kwa karne. Hilo la karne ndilo muhimu. Ukijifunza Kiwelisi cha leo kwanza, na nakushauri ufanye hivyo, utajua kwamba gwers ni somo, somo la darasani. Katika ubeti wa juu, wers ni kitambo, muda fulani. Heledd hafundishwi chochote. Anasema atalia kitambo, kisha atanyamaza. Kwa sarufi, kitabu cha D. Simon Evans kilichochapwa Dublin mwaka 1964 bado kinatosha. Kikavu kama ubao, lakini kila umbo la kitenzi limo.

Agizo moja ninalolishikilia mno: andika tafsiri yako ya neno kwa neno kabla hujagusa tafsiri yoyote ya Kiingereza. Si kwamba tafsiri hizo ni mbaya, nyingine ni za wataalamu wakubwa. Shida ni kwamba mtafsiri wa Kiingereza ameshaamua mambo ambayo wewe hulazimiki kuyaamua vile. Kitenzi wylaf, kwa mfano, chaweza kuwa nalia au nitalia, umbo ni moja. Ukianzia Kiingereza unapokea uamuzi uliokwisha kufanywa wala hujui kama kulikuwa na kuchagua.

Kutoka hapo tafsiri ya Kiswahili ndiyo yenye utamu. Wengi hukimbilia utenzi, mizani nane na vina, kwa kuwa ndiyo nguo ya heshima tuliyoizoea kwa jambo la kale. Kwa Heledd haifai. Nguvu yake imo katika mstari wa kwanza unaorudi ubeti baada ya ubeti, huku mstari wa pili ukiwa mfupi kama pumzi iliyokatika. Heb dân, heb wely ni silabi tano tu. Ukiandika "bila moto, bila kitanda" umefika mizani tisa na pumzi haijakatika tena. Nilizunguka sana hapo mpaka nikakumbuka namna yetu ya si na si:

Ukumbi wa Cynddylan ni kiza usiku huu,
si moto, si kitanda;
nitalia kitambo, kisha ninyamaze.

Mizani saba. Ubeti unaofuata unataka mshumaa, mwingine unataka nyimbo, na mstari unabaki mfupi: si moto, si mshumaa, si moto, si nyimbo. Vina nimeviacha, wala sivililii. Marudio yanatosha kushikilia wimbo.

Kabla ya kufika hapo, soma tena Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, hasa pale anapopita katika majumba ya Pate: "nyumba zao mbake ziwele tame, makinda ya popo iyu wengeme", yaani nyumba zao zimekuwa mahame na makinda ya popo yananing'inia juu. Kiswahili kina msamiati kamili wa nyumba iliyokufa, na ni aibu kuubuni upya. Lakini chukua msamiati, acha mawaidha. Sayyid Abdallah anauonya moyo wake kuhusu dunia; popo wake wana kazi ya kufundisha. Heledd haonyi mtu. Ukiingiza sauti ya kuusia katika beti zake, hata kwa neno moja la "basi" au "jama", umemgeuza mfiwa kuwa mhubiri.

Ukishazizoea beti za Heledd, mrudie Dafydd, na hapo chagua shairi lake la shakwe, Yr Wylan. Linaanza hivi:

Yr wylan deg ar lanw, dioer,
Unlliw ag eiry neu wenlloer.

Shakwe mzuri juu ya maji yanayojaa, mweupe kama theluji au mwezi. Hii ni cywydd, aina ya shairi yenye mistari ya silabi saba. Ukihesabu kwa matamshi ya leo utapata zaidi na utadhani mshairi amekosea. Hajakosea, lanw na eiry kila moja ni silabi moja kwake. Kisha sikiliza konsonanti za mstari wa kwanza: r, l, n, d, halafu tena r, l, n, d. Hiyo ndiyo cynghanedd. Ina aina nne kuu, na katika cywydd ya namna hii mistari mingi huifuata.

Usijaribu kuihamisha. Nasema hivi nikijua wapo watakaobisha. Kiswahili kina viambishi vinavyorudia konsonanti vyenyewe, vitu vyangu vizuri vyote vile, kwa hiyo mrudio wa namna hiyo kwetu hausikiki kama ufundi, unasikika kama upatanisho wa kisarufi. Pale unapokuja bure, uchukue. Ukiutafuta kwa tochi, utaishia na sentensi ambazo hakuna Mswahili aliyewahi kuzitamka.

Vina, kinyume chake, vinahamia vizuri kuliko kwa Kiingereza. Cywydd hulinganisha silabi yenye mkazo na isiyo na mkazo, dioer na wenlloer, na Waingereza husikia hapo kama kina kimeteleza. Sikio lililolelewa kwa mashairi yetu halishtuki, maana vina vyetu huangukia silabi ya mwisho ambayo karibu daima haina mkazo.

Dafydd pia hukatiza sentensi yake kwa maneno ya kupachika, nao huyaita sangiad. Lile dioer ni mojawapo, kiapo kidogo chenye maana ya Mungu ajua. Kalamu ya risasi mkononi, yazungushie yote duara, soma sentensi iliyobaki, kisha yarudishe moja moja. Hapo utaona shairi lililoonekana kama msitu lina njia iliyonyooka kabisa. Ukimaliza, furahia majina anayomrundikia ndege: kipande cha jua, kinga ya chuma ya mkono wa bahari, mtawa juu ya kilele cha maji yajaayo. Mtu wa pwani ana msamiati wa kutosha wa hali za maji kumtafsiria Dafydd bila kuomba msaada.

Matini ya kuaminika ya Dafydd imo kwenye tovuti dafyddapgwilym.net, iliyofunguliwa mwaka 2007, yenye maelezo na ufafanuzi kwa Kiwelisi cha leo. Toleo la Thomas Parry la mwaka 1952 lilitangulia na bado lina thamani, ila linataka msomaji aliyekwisha iva.

Washairi wa kasri za wafalme, wa karne za 12 na 13, waache mpaka mwisho. Wanabana maneno mawili matatu kuwa moja na vitenzi wanavitoa kwa uchoyo. Ila shairi moja lao utalifuata hata kwa kutambaa: maombolezo ya Gruffudd ab yr Ynad Coch kwa Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Welisi aliyeuawa tarehe 11 Desemba 1282. Shairi refu lote lina kina kimoja, -aw. Hapa ndipo namfikiria mtunzi wa utenzi, ambaye kina chake cha bahari hukaa kilekile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi inayomtoa jasho Mwingereza, kwetu ina desturi yake.

Poni welwch chwi hynt y gwynt a'r glaw?
Poni welwch chwi'r deri'n ymdaraw?

Hamwoni upepo na mvua vinavyokwenda?
Hamwoni mialoni inavyogongana, inavyopinda?

Kule kupinda nimekuongeza mimi. Gruffudd amesema miti inagongana tu. Kina huomba rushwa, na nimekubali kutoa hiyo moja kwa sababu mti unaogongana na mwenzake hupinda kweli. Weka alama pembeni kila unapotoa, ili ukifika katikati uhesabu umetoa ngapi. Zikizidi, badilisha kina mapema badala ya kumlazimisha mshairi aseme yasiyo yake. Mimi bado niko na -nda. Kulinda, kidonda, kushinda na kupanda sijazigusa.