Nilimsahihisha Baba Swala Yake Mbele ya Wageni, na Sasa Hasemi Nami

SWALI:

Assalaamu ‘alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 22 na huu ni mwaka wa pili nahudhuria darsa za dini. Baba yangu haachi swala tano, lakini anaswali haraka mno: mgongo haujanyooka kwenye itidali (kusimama wima baada ya rukuu) tayari anashuka, na kati ya sijida mbili hakai, anainua kichwa kidogo tu kisha anakirudisha. Siku moja tulikuwa na wageni, akaswali Magharibi peke yake pembeni ya sebule. Alipotoa salamu nikamwambia maneno ya Mtume (S.A.W.): “Rudi ukaswali, kwani hujaswali.” Hakunijibu kitu. Aliinuka akishika ukuta, akaingia chumbani. Sasa ni wiki ya tatu hasemi nami, na mama ananilaumu kwa kumvunjia baba heshima. Sheikh, nilichosema ni hadithi sahihi. Kosa langu liko wapi? Na je, niendelee kumnasihi au ninyamaze?

JIBU:

Wa ‘alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake.

Mwanangu, hadithi uliyoitaja ni sahihi, na jambo uliloliona katika swala ya baba yako ni jambo zito. Pamoja na hayo umekosea, tena kosa kubwa, kwa sababu baba yako alikuwa na haki mbili juu yako katika saa ile: haki ya kuambiwa ukweli, na haki ya kuambiwa kwa namna anayostahiki mzazi. Umeitimiza ya kwanza, ukadhani kwamba ya pili imeingia ndani yake. Haikuingia. Mtu anaweza kusema neno la kweli kabisa na akaandikiwa dhambi kwa jinsi alivyolisema, kama vile anavyoweza kutoa sadaka ya mali ya halali kisha akaibatilisha kwa masimbulizi.

Nianze na swala yenyewe, ili usidhani naidharau hoja yako. Utulivu katika rukuu, itidali, sijida na kikao cha kati ya sijida mbili ni nguzo ya swala kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, Maliki na Hanbali, na kwa Imamu Abu Hanifa ni wajibu. Mwenye kuuacha kwa makusudi hali anaweza, swala yake ina kasoro isiyofaa kunyamaziwa. Hapo uko sawa, nami sina la kuongeza.

Sasa itazame hadithi uliyoitumia, kwa sababu ndani yake mna adabu ambazo umeziruka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba mtu mmoja aliingia msikitini, akaswali, kisha akaja kumsalimia Mtume (S.A.W.). Mtume akaitikia salamu yake kwanza, ndipo akamwambia arudi akaswali. Yule mtu akarudi, akaswali kama alivyoswali mwanzo, akaja tena, na hali ikawa hiyo mara tatu, mpaka mwenyewe akasema: “Naapa kwa Aliyekutuma kwa haki, siwezi vizuri zaidi ya hivi, basi nifundishe.” Mtume akamfundisha hatua kwa hatua: asimame alete takbira, asome kinachomuwia chepesi katika Qur’ani, arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie, akae mpaka atulie. Wewe uliichukua sentensi moja katika kisa hiki, ukaacha salamu iliyotangulia na mafundisho yaliyofuata. Zaidi ya hayo, aliyesema pale ni Mtume na mwalimu wa Umma, na aliyeambiwa alikuja kwake kama mwanafunzi. Katika sebule ile aliyesema ni mtoto, na aliyeambiwa ni baba aliyekaa nyumbani kwake na wageni wake.

Mfano uliokuwa ukiuhitaji uko katika Suratu Maryam, Aya ya 42 mpaka ya 47. Nakuomba uzisome leo polepole. Nabii Ibrahim (A.S.) alikuwa akizungumza na baba anayeabudu masanamu, na hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Katika Aya nne zinazofuatana alimwita mara nne: “Ewe baba yangu.” Kila hoja aliitanguliza kwa wito huo wa mapenzi. Alipofika kwenye suala la elimu, ambalo ndilo linalotutia mtihani sisi tuliosoma, hakumwambia baba yake kuwa ni mjinga, wala hakujiita msomi. Alisema kwa maana hii: “Hakika imenijia katika elimu isiyokufikia wewe.” Yaani kuna kitu kimenifikia, nami nimekuja nacho kwako. Kisha alipomuonya juu ya adhabu alisema: “Mimi naogopa isije ikakugusa adhabu kutoka kwa Mwingi wa Rehema.” Alitaja hofu yake mwenyewe juu ya baba yake, akatumia neno la kugusa, na kati ya majina yote ya Mwenyezi Mungu akataja jina la rehema. Baba alijibu kwa kumtishia kumpiga mawe na kumfukuza. Jibu la Ibrahim lilikuwa: “Amani iwe juu yako, nitakuombea msamaha kwa Mola wangu.”

Baba yako, mwanangu, ni Muislamu anayeswali swala tano.

Kwa msingi huu wanavyuoni walitofautisha kati ya kumkataza mabaya mtu baki na kumkataza mzazi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alipoeleza daraja za kukataza maovu alisema kwamba mtoto kwa mzazi wake ana daraja mbili za mwanzo: kumjulisha, kisha kumuwaidhi na kumnasihi kwa upole. Hana ruhusa ya kumtolea maneno makali, kumtisha wala kumpiga. Na Imamu Ahmad bin Hanbal amenukuliwa akisema kwamba mtoto anapoona kwa baba yake jambo lisilompendeza amwambie pasipo ukali wala ubaya wa maneno, kwani baba hawi kama mtu wa mbali. Dalili yao iko wazi katika Suratul Israa, Aya ya 23, pale Mwenyezi Mungu alipokataza hata neno “Uff” kwa wazazi waliofikia uzee, akakataza kuwakemea, na akaamrisha wasemeshwe kwa msemo wa heshima. Angalia kwamba Aya haikuweka sharti la mzazi kuwa amepatia. Neno la heshima linahitajika hasa pale anapokosea, maana anapopatia ni nani atakayetamani kumkemea?

Kuna jambo jingine ambalo umeliandika mwenyewe, na sidhani kama uliliona. Umesema baba yako “aliinuka akishika ukuta.” Kijana wa miaka 22 hashiki ukuta anapoinuka. Je, uliwahi kumuuliza magoti yake yana nini? Umewahi kumuuliza kama kukaa kati ya sijida mbili kunamuumiza, ndiyo maana anarudi haraka? Imran bin Huswayn (R.A.) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala, akaambiwa: “Swali kwa kusimama, usipoweza, basi kwa kukaa, usipoweza, basi kwa ubavu.” Ameipokea Bukhari. Huenda baba yako anastahiki kuswali juu ya kiti kwa sehemu ya swala yake na hakuna aliyemwambia kwamba dini imempa nafasi hiyo, naye kwa muda wote huo anajilazimisha kwa maumivu na kukimbilia salamu ili apumzike. Simhukumu kwamba ndivyo ilivyo, kwa kuwa hana udhuru mpaka auseme mwenyewe au udhihirike. Lakini ulitakiwa kuuliza kabla ya kutoa hukumu, na swali hilo peke yake lingekufungulia mlango wa mazungumzo yote mengine.

Niruhusu nikueleze jambo ambalo bado linanichoma. Nilipokuwa na umri karibu na wako, nikiwa nimetoka tu kumaliza kusoma hukumu za tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur’ani, nilimkuta babu yangu anasoma Qur’ani kwa sauti baada ya Alfajiri, kidole chake kikifuata mstari. Alikosea madda, yaani kuivuta herufi, nikamkatiza. Akarudia, akakosea tena, nikamkatiza tena kwa sauti ya juu zaidi. Aliondoa kidole kwenye mstari, akaufunga msahafu, akaubusu na kuuweka mahali pake. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na sikumsikia tena akisoma kwa sauti nikiwa nyumbani. Baadaye nilijifunza hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kwamba anayesoma Qur’ani kwa kubabaika na kupata taabu ana malipo mawili. Nilikuwa nimemnyamazisha mtu mwenye malipo mawili kwa ajili ya madda. Sikuwahi kumuomba radhi kwa hilo, na wewe baba yako yuko hai, yuko chumba cha pili.

Basi kabla ya nasaha yoyote, nenda ukamuombe radhi. Nenda akiwa peke yake, kaa chini kuliko alivyokaa, na useme: “Baba, nilikuvunjia heshima mbele ya wageni, naomba unisamehe.” Ishia hapo. Usiongeze neno “lakini,” kwa kuwa kila kitakachofuata baada ya “lakini” kitakuwa ni kurudia kosa lile lile. Asipojibu, usimdai jibu. Msalimie asubuhi na jioni, na umhudumie kama kawaida. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya masiku matatu, na mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Ikiwa hayo ni ya ndugu kwa ndugu, wewe kwa baba yako una haja zaidi ya kuwa wa kuanza. Usiitumie hadithi hii kumhesabia yeye siku. Na kwa kuwa kosa lilifanyika mbele ya watu, ni vizuri wageni wale, kama unawafahamu, wasikie kutoka kwako kwamba ulikosa adabu. Mama yako pia mshukuru, kwani lawama yake ilikuwa nasaha.

Ama swali lako la pili, usinyamaze moja kwa moja. Kumuacha mzazi na swala yenye kasoro kwa kuogopa kununiwa si wema kwake. Ila subiri mpaka moyo wake urejee, kisha pita njia ambayo haitamfanya ajione yuko mbele ya hakimu. Muombe muswali pamoja sunna nyumbani, nawe uswali kwa utulivu kamili bila kumtazama pembeni. Au mwambie kuna hadithi umeisoma darsani na ungependa akusikilize unavyoieleza, kisha umsomee hadithi ile ile ya mtu aliyerudishwa kuswali, safari hii yote, kuanzia salamu mpaka mafundisho. Akikuuliza, mjibu kwa kiasi cha swali lake. Kama kuna mtu mzima wa rika lake anayemheshimu, au imamu wa msikiti anaoswali, yeye anaweza kufikisha kwa neno moja kile ambacho wewe ungekihangaikia mwezi mzima, wala si aibu elimu kupita katika kinywa cha mwingine.

Huenda ukajiuliza kuhusu swala zake za miaka iliyopita. Usimfungulie mlango huo. Mtume (S.A.W.) alimtaka yule mtu airudie swala ile aliyokuwa nayo, na haikupokewa kwamba alimuamrisha kulipa swala za nyuma ambazo aliziswali vivyo hivyo kwa kutojua.

Na akikataa kabisa, wajibu wako wa kumjulisha utakuwa umetimia, na wajibu wako wa kumtendea wema utabaki pale pale ulipo. Mwenyezi Mungu alipozungumzia wazazi wanaomshurutisha mtoto wao kumshirikisha Yeye, jambo ambalo baba yako yuko mbali nalo kabisa, alisema katika Suratu Luqman, Aya ya 15, kwamba asiwatii katika hilo, na papo hapo akaamrisha: “na kaa nao duniani kwa wema.” Abu Hurayra (R.A.) alikuwa akimlingania mama yake katika Uislamu naye akikataa, mpaka siku moja akamsikilizisha maneno mabaya juu ya Mtume (S.A.W.). Hakumjibu mama yake. Alikwenda kwa Mtume akilia, akamuomba amuombee dua mama yake aongoke. Aliporudi alikuta mlango umefungwa na akasikia maji yakichuruzika. Mama yake alikuwa anaoga, akavaa, akamfungulia mlango huku akitamka shahada. Kisa hiki amekipokea Muslim.

Usiku wa leo, kabla hujalala, muombee baba yako kwa dua iliyomo katika Suratul Israa, Aya ya 24: “Mola wangu, warehemu kama walivyonilea nilipokuwa mdogo.” Na atakapoinuka kutoka kwenye mswala wake, usimuache ashike ukuta, mpe mkono wako.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.