Mwamba wa nyuzi elfu moja waweza kuitwa "baridi"?

Swali: Nafundisha jiografia mkoani Shinyanga. Mwanafunzi ameandika kuhusu litosfia, yaani tabaka gumu la miamba la nje ya dunia: "Chini ya Mwadui litosfia ya kale ni baridi na mtiririko wa halijoto ni mdogo." Mwenzake anapinga: penye nyuzi elfu moja baridi inatoka wapi? Nimsahihishe nani?

Jibu: Mwalimu, hongera kwa darasa linalobishana hivi. Uji ukiepuliwa tunausubiri upoe. Ukishapoa tunaunywa, na bado ni vuguvugu. Ukisahaulika hadi jioni ndipo unaitwa wa baridi. Kupoa ni kupungukiwa na joto, hata kama lililobaki ni kali. Ndiyo hali ya miamba ya Mwadui, penye machimbo ya almasi. Iko katika kratoni ya Tanzania, bara kongwe la zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambalo mzizi wake mgumu unazama zaidi ya kilomita 150. Huko chini ni kweli nyuzi za Selsiasi zinakaribia elfu moja au kupita, ila penye litosfia changa, kina hichohicho kina moto zaidi. Basi andikeni "imepoa". Almasi zenyewe zinashuhudia: kwa mgandamizo wa kina kile, joto lingezidi mno kaboni ingekuwa grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Zikasalia almasi hadi volkano ya kale ilipozipandisha, na John Williamson akayagundua machimbo yake mwaka 1940.

Kosa la wazi ni "mtiririko wa halijoto". Halijoto ni kipimo: hupanda, hushuka, husomwa kwenye kipimajoto. Kinachosafiri ni joto. Hutoka, hupenya, hupotea. Hatusemi "funga mlango, halijoto inatoka". Kwenye kratoni hii joto linalofika juu ni chini ya miliwati 40 kwa kila mita ya mraba, wakati wastani wa mabara ni kama 65, kwa kuwa mzizi ni mnene na gamba lake lina urani, thori na potasiamu kidogo, elementi ambazo huzalisha joto viini vya atomi zake vinapovunjika. Ndiyo maana pia tunasema jotoardhi, kama lile la Olkaria, Kenya; sijapata kumsikia mtu akisema "halijotoardhi".

Sentensi ya kijana isomeke hivi: "Chini ya Mwadui litosfia ya kale imepoa, na joto linalotoka ni kidogo."