Kwa msaidizi wa kisheria unayeanza: uliza tarehe kwanza

Umemaliza mafunzo, umepata kitambulisho, na wiki ijayo utakaa kwenye ofisi ya kata ukisubiri watu. Nimefanya kazi hii miaka 11 katika vijiji vya mkoa wa Morogoro. Mengi ya sheria umeshafundishwa darasani, kwa hiyo nitakuambia yale niliyochelewa kuyajua.

Mtu akiketi mbele yako ataanza mbali. Atakueleza babu alivyofyeka pori, shemeji alivyomtukana msibani, mwenyekiti alivyompuuza. Mwache aseme mpaka amalize, maana wengi wao hawajawahi kusikilizwa hata siku moja. Akishatulia, muulize: ni lini? Hukumu ilisomwa lini? Jirani aliingia shambani lini?

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mzee mmoja aliniletea hukumu yake ya Mahakama ya Mwanzo siku ya 41, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa anasubiri avune mahindi apate nauli na ada. Hoja zake zilikuwa na nguvu, nami nilizisoma nikaumia. Kuomba kuongezewa muda ni shauri jingine kabisa, na kusema huna nauli mara nyingi hakutoshi. Tangu hapo, mteja yeyote mwenye kesi namwambia: hukumu ikisomwa, omba nakala siku hiyohiyo kwa barua, na ubaki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Machozi mengi utakayoyaona yatakuwa ya mirathi. Karatasi zenyewe si nyingi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, maombi Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kisha uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Shida huanzia kwenye kile kikao, pale mjane anapokaa kwenye mkeka pembeni na wanaume wanapendekeza jina. Mwaka wangu wa kwanza nilimshauri mjane mmoja akubali shemeji yake awe msimamizi, ili amani ibaki. Niliona ni busara. Miezi minane baadaye ekari mbili kati ya sita zilikuwa zimeshauzwa, na shemeji alikuwa anaonyesha barua ya usimamizi kama hati ya kumiliki. Tulikwenda mahakamani, uteuzi wake ukatenguliwa, mama akateuliwa yeye. Zile ekari mbili zina nyumba ya mtu mpaka leo.

Basi waeleze watu mapema, ikiwezekana kabla ya arobaini. Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua, na mjane anaweza kuomba mwenyewe. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa warithi, kisha anarudi kutoa hesabu. Mahakama ya Mwanzo inamtaka alete orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, isipokuwa akiongezewa muda. Miezi hiyo ikipita kimya, mrithi ana haki ya kwenda kuuliza. Ni wachache sana wanaoijua haki hiyo, na hapo ndipo mashamba yanapoyeyuka.

Kwenye talaka usimwahidi mtu nusu kwa nusu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwambie mama hilo, litamwinua. Lakini kila mmoja hupata kulingana na mchango na mazingira ya ndoa yao, kwa hiyo msaidie akumbuke: nani alifyatua matofali, nani alipikia mafundi, nani alilima wakati mume yuko safarini. Na kabla ya hapo wapitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la sivyo mara nyingi shauri litarudishwa.

Migogoro ya ardhi nayo imebadilika. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Likitoa kitu kinachoitwa hukumu, usikubali mteja wako ahamishwe shambani kwa karatasi hiyo.

Polisi: dhamana haiuzwi, na PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, haina malipo. Yaseme haya kwenye kila mkutano wa kijiji, hata kama wamekwisha kuyasikia.

Ujue na mipaka yako. Sisi si mawakili. Hatusimami mahakamani kumwakilisha mtu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haituruhusu kutoza hata shilingi. Mama akija na kuku wa shukrani, mshukuru kwa mikono miwili kisha mrudishie. Ukimpokea, kesho asiye na kuku ataogopa kuja. Jambo likikuzidi, mpeleke kwa wakili wa msaada wa kisheria siku hiyohiyo, usilikalie kwa aibu.

Mwisho, nunua daftari kubwa. Chora safu tatu: jina, karatasi alizonazo, na siku ya mwisho ya hatua inayofuata. Kila Ijumaa jioni lifungue, tafuta aliyebakiwa na siku chini ya 10, umpigie simu. Kama hana simu, panda bodaboda umfuate.