Mfaransa na chapa za Kijapani

Swali: Hivi zile picha za sura za watu za Paul Jacoulet, zilizochapwa kwa mbao, si yeye ni Mfaransa? Alichonga mwenyewe?

Jibu: Mfaransa kweli, kazaliwa Paris 1896 ila kakulia Japani tangu mdogo, na hapana, yeye alichora tu, mbao walichonga mafundi wa Kijapani kama Kazuo Yamagishi, halafu mchapaji anapaka rangi ubao mmoja mmoja na karatasi ileile inagandamizwa tena na tena, ikisogea kidogo tu rangi ya nywele inaingia kwenye paji la uso. Mi ninachompendea sana, majina ya mchongaji na mchapaji aliyaweka pembeni mwa picha. Ukiipata moja iinamishe kwenye mwanga, zingine zina unga wa mika, yale madini yanayong'aa, zinameta kabisa.