Jibu: Programu ya kutembea na kuandika shajara
Mkuu, umeuliza kama mtumiaji wa programu ya simu unayotengeneza aandike shajara huku anatembea au akishafika, na kama lazima awe na bando. Kwa maoni yangu asiandike kabisa njiani. Ukiwa unapandisha mlima Loleza hapa Mbeya, macho yanatakiwa kwenye mawe na utelezi, si kwenye kioo cha simu. Mpe kitufe kimoja kikubwa cha kurekodi sauti, ambacho ataweza kukibonyeza hata vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni. Aseme sentensi mbili, simu irudi mfukoni. Programu ihifadhi sauti pamoja na saa na mahali. Akifika nyumbani aone njia yake kwenye ramani, aguse nukta, asikilize, ndipo aandike kwa utulivu.

Bando si lazima. GPS, yaani kifaa cha ndani ya simu kinachotambua mahali ulipo, hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Kinachohitaji intaneti ni ramani, basi aipakue kabla ya kutoka. Ila GPS isisome mfululizo, itamaliza betri.

Na tafadhali sana, shajara ibaki kwenye simu ya mwenyewe na iwe na nywila. Simu zetu huazimwa na wadogo zetu kila siku, na ya moyoni si ya kila mtu. Mashindano ya watumiaji kuhesabiana hatua yaache kwanza.