Maswali ya Jikoni: Tapioka Kwenye Pudini, Pai na Chai

*Shikamoo shangazi. Kila nikipika pudini ya tapioka, punje zinabaki ngumu katikati, zina kiini cheupe, huku maziwa yameshakuwa mazito ya kunata. Nikiongeza moto ndiyo mambo yanaharibika zaidi. Tatizo ni nini?*
Mpenda Pudini

Marahaba mwanangu. Hicho kiini cheupe ndicho kinachokueleza kila kitu. Punje ya tapioka ni wanga wa muhogo uliofinyangwa duara na kukaushwa. Wanga huo huanza kunywa maji na kuvimba joto likipita nyuzi 60 hivi, na ukiiva weupe unaondoka, punje inakuwa angavu. Palipobaki weupe, maji hayajafika. Ukiongeza moto, ngozi ya nje inaiva kupita kiasi na kumumunyukia kwenye maziwa, na ndiko kunata unakokuona, ilhali ndani bado kukavu.

Dawa yake ni kuloweka. Nazungumzia punje ndogo za kawaida, si ile tapioka ya haraka ambayo imeshapikwa kiwandani. Theluthi ya kikombe inatosha. Loweka kwenye maji ya baridi nusu saa au zaidi, kisha mwaga maji. Bonyeza punje moja kwa kucha: ikipondeka bila kukwaruza, ziko tayari. Zitie kwenye vikombe 3 vya maziwa na chumvi kidogo, weka moto mdogo, na maziwa yakianza kutokota yaache hivyo hivyo kwa dakika 15 hivi. Mwiko upite chini ya sufuria wakati wote, maana punje hupenda kuzama na kushika. Simu ikiita, iache iite.

Kisha chota punje moja, iinue kwenye mwanga. Kama kitone cheupe kilichobaki ni kidogo kama kichwa cha pini, usiendelee kuchemsha. Joto lililomo sufuriani litamalizia.

Sasa mayai. Chukua mayai 2, tenga viini na ute. Piga viini pamoja na nusu kikombe ya sukari, halafu mimina humo upawa wa maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, ndipo urudishe vyote sufuriani. Ukivimwaga viini moja kwa moja kwenye sufuria ya moto vitakatika vipande vipande. Dakika 2 au 3 zinatosha, bila kuchemka tena. Epua, tia vanila. Ute uupige mpaka usimame, uuingize taratibu pudini ikiwa bado ya moto. Mimi hatua hii siiruki, kwa sababu ndiyo inayoifanya pudini iwe laini na nyepesi mdomoni. Kama ute usioiva vizuri unakutia wasiwasi, au unampikia mjamzito au mtoto mdogo, uache kando. Pudini itakuwa nzito kidogo, lakini tamu vile vile.

Itakapotoka jikoni utaiona nyepesi mno. Usiirudishe motoni! Wanga hukaza unapopoa, na pudini iliyopikwa mpaka ikawa nzito sufuriani, mezani itakatwa kwa kisu.

*Shangazi, pai zangu za matunda hutoa maji mengi. Nikitia unga wa ngano zinakaza, lakini mchuzi unakuwa na ukungu na ladha ya unga. Tapioka itasaidia?*
Mwokaji wa Jumapili

Itasaidia sana, na kwa pai za cheri, beri na pichi mimi sitafuti kitu kingine. Tapioka haina ladha ya kushindana na tunda, na ikiiva inang'aa, kwa hiyo rangi ya tunda inaonekana vile ilivyo. Kwa vikombe 6 vya matunda yenye maji mengi, tumia vijiko vya chakula 3 hadi 4 vya tapioka ya haraka. Matufaha hayahitaji kiasi hicho, vijiko 2 vinatosha. Changanya na matunda na sukari, uache dakika 15 tapioka ianze kunywa maji ya tunda, ndipo ujaze pai.

Kama juu ya pai umesuka vipande vya unga na kuacha nafasi wazi, saga tapioka kwanza. Punje zinazokaa wazi kwenye joto kavu la oveni hukauka badala ya kuiva, na utazisikia menoni.

Usitoe pai kwa sababu tu ganda limepata rangi. Subiri mpaka uone mchuzi unatokota katikati, si pembeni peke yake. Halafu, na hapa nakuomba sana, iache ipoe saa 3 au zaidi kabla ya kukata. Pai ya moto itamwaga maji hata kama umepima kila kitu sawasawa. Na ukipenda kuweka pai kwenye friza, hapo tapioka inaushinda wanga wa mahindi, ambao ukiganda na kuyeyuka huachia maji.

*Shikamoo. Nilipata punje kubwa nyeusi za kutia kwenye chai ya maziwa. Nikaziloweka usiku kucha, asubuhi nikakuta tope la kahawia. Zilikuwa mbovu?*
Mwanafunzi

Marahaba, na pole. Punje hazikuwa mbovu. Hizi kubwa sheria yake ni kinyume cha zile ndogo za pudini: haziloweki, wala hazioshwi. Maji ya baridi huzivunja kabla wanga haujashikana. Chemsha maji mengi, mara 8 au 10 ya punje, na yakiwa yanachemka kwa nguvu ndipo uzitie. Koroga mara moja zisigandane chini. Zitapanda juu zenyewe. Punguza moto, zipike karibu nusu saa, zima, funika, uziache nusu saa nyingine. Chuja, suuza, uzitie mara moja kwenye sharubati ya sukari ya kahawia ikiwa bado ina joto. Utamu wa kinywaji hiki unatoka hapo, kwa kuwa punje zenyewe hazina ladha yoyote.

Zinywe siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Ukiziweka kwenye friji wanga hurudi kuwa mgumu na zinakuwa za chaki. Kinywaji chenyewe kilizaliwa Taiwan miaka ya 1980, na maduka mawili ya chai, Chun Shui Tang la Taichung na Hanlin la Tainan, kila moja linadai ndilo lililoanzisha. Mimi nasema wote wapewe shukrani.

Watoto wadogo usiwape kwa mrija. Punje inayovutwa kwa kasi inaweza kuwakaba.

*Naweza kutumia unga wa muhogo badala ya wanga wa tapioka?*

Kwa pudini na pai, hapana. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa, una nyuzi zake. Wanga hutolewa kwa kukuna muhogo, kuuosha kwa maji, kukamua na kuacha weupe utuame, ndio unaokaushwa. Unga utakupa uzito, lakini hautakupa ule uangavu.

*Mwanangu hatakiwi kula gluteni. Na mama yangu ana kisukari. Je, wote wanaweza kula?*

Mtoto, ndiyo. Muhogo hauna gluteni, ila soma pakiti uhakikishe haikuchanganywa na kitu kingine kiwandani. Kwa mama, karibu tapioka yote ni wanga, hupandisha sukari haraka na haina protini ya maana. Ale kidogo, baada ya chakula chenye mboga na protini, na amwambie daktari wake kiasi anachokula.