Maswali yenu kuhusu kimbunga: jicho, mvuke na upepo wa Mtwara

*Kaka, eti katikati ya kimbunga kunatulia kabisa? Au stori za vijiweni?*

Kweli kabisa. Hewa ya chini inakimbilia katikati ila kwa spidi ile ya kuzunguka inashindwa kufika, inapandia pembeni, kwenye ukuta wa mawingu unaozunguka jicho (yaani hiyo katikati yenyewe), na hapo ndo kuna upepo na mvua mbaya kuliko kwingine kote. Ndani ya jicho hewa inashuka taratibu, ikishuka inapata joto, mawingu yanakatika, usiku unaweza kuona hadi nyota. Ila usitoke kuokota mabati! Jicho mara nyingi lina upana wa kilomita 30 hadi 60 tu, likishapita upepo unarudi ukitokea upande wa pili, ule ukuta wa nyumba uliokuwa salama ndo unapigwa sasa.

*Nguvu yote hiyo inatoka wapi?*

Kwenye mvuke. Ushawahi kufunua sufuria ya wali mvuke ukakupiga mkononi? Unaunguza hivyo kwa sababu ukigeuka maji kwenye ngozi unaachia joto lote ulilobeba. Baharini ni hivyo hivyo, maji yakiwa na joto la kama nyuzi 26.5 na kuendelea mvuke unapanda, unageuka mvua, joto linabaki juu huko, hewa inazidi kupaa na chini inavutwa nyingine. Kikiingia nchi kavu mvuke unakata, basi kinachoka.

*Kimbunga Kenneth 2019 alipiga jirani tu, Cabo Delgado huko Msumbiji, mbona Mtwara tulipona?*

Kusini ya ikweta vimbunga vinazunguka kama mshale wa saa (video za Marekani ni kinyume, msichanganye). Kenneth alikuwa anaelekea magharibi, kwa hiyo upande wake wa kusini upepo ulijumlishwa na mwendo wake mwenyewe, wa kaskazini ukapunguzwa. Nyie mlikuwa kaskazini, tena mbali kidogo na jicho. Bahati tu jamani, si maombi ya mtu.

*Na Mombasa mbona havifiki?*

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, huko ule mzunguko wa dunia unaopindisha upepo ni hafifu mno, hewa inaenda moja kwa moja kuziba pengo la hewa iliyopaa bila kuzunguka. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, aliishia Mafia, karibu nyuzi 8. Unguja iko nyuzi 6 na kawaida inasalimika, ila Aprili 1872 kimbunga kilifika, mikarafuu ikalala chini.